Chokaa Iliyokosekana: Madini ya Maji katika Historia ya Mabwawa ya Samaki ya Iringa na Mbeya, 1949 hadi Sasa

Utangulizi

Maandishi yanayosimulia historia ya ufugaji wa samaki wa maji baridi Tanzania Bara ni machache, na karibu yote hufuata mkondo mmoja. Huanzia mwaka 1949, serikali ya kikoloni ilipofanya majaribio ya kufuga perege huko Korogwe na Malya. Hueleza kwamba mabwawa mengi yalichimbwa, kisha yakaachwa. Hufika mwaka 1967, serikali huru ilipoanzisha kampeni ya kitaifa ya ufugaji wa samaki, nayo haikufanikiwa. Halafu mwaka 1972, ufugaji huo ulipoingizwa katika sera ya uvuvi bila kupewa uzito mkubwa. Kila mara msimulizi anapolazimika kueleza kwa nini juhudi zilikwama, sababu inayorudiwa ni usimamizi usiofaa. Ukame, uhaba wa miundombinu na teknolojia isiyolingana na mazingira hutajwa pia, lakini usimamizi ndio hubeba mzigo wa lawama.

Usimamizi ni neno lenye mtu ndani yake. Mtu huyo ni mkulima wa kijijini aliyeambiwa achimbe bwawa, akachimba. Aliyeambiwa atie samadi, akatia. Na baada ya mwaka mmoja akavua samaki wadogo mno. Makala hii inadai kwamba kwa Nyanda za Juu Kusini, na hasa mikoa ya Iringa na Mbeya, lawama hiyo haistahili kusimama peke yake. Mabwawa mengi ya nyanda hizo yalichimbwa katika mabonde ambayo maji yake yana upungufu wa kalsiamu, magnesiamu na kaboneti. Katika maji ya namna hiyo hata msimamizi hodari huvuna kidogo, mpaka maji yenyewe yaongezewe madini. Chokaa ya kufanya kazi hiyo ilikuwapo ndani ya Nyanda hizo hizo. Swali la kihistoria ni kwa nini haikufika bwawani.

Suala hili si dogo. Takwimu zilizotolewa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) katika miaka ya 2000 zilikadiria mabwawa 14,100 ya maji baridi Tanzania Bara. Kati ya hayo, Ruvuma ilikuwa na 4,942, Iringa 3,137 na Mbeya 1,176. Mikoa hiyo mitatu ya kusini, kwa hiyo, ilikuwa na karibu theluthi mbili ya mabwawa yote. Ikumbukwe kwamba Iringa ya takwimu hizo ilijumuisha Njombe, iliyofanywa mkoa mwaka 2012, na Mbeya ilijumuisha Songwe, iliyojitenga mwaka 2016. Katika nyanda hizo hizo, zinazosifika kwa kulisha nchi mahindi, watoto wamedumaa kuliko kwingi. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionesha kwamba asilimia 57 hivi ya watoto walio chini ya miaka mitano mkoani Iringa wamedumaa, kiwango cha juu kuliko mikoa yote. Samaki wa bwawani hawezi kubebeshwa peke yake tatizo lenye sababu nyingi kiasi hicho. Hata hivyo, bwawa lisilozaa ni protini ambayo haikufika mezani, na mara nyingi mezani hapo pana ugali na mboga za majani tu.

Chai kama shahidi

Anayetafuta hali ya maji ya mabonde haya katika miaka ya 1950 hana budi kutumia pia ushahidi wa kando. Ushahidi huo umesimama mashambani hadi leo: ni chai. Mchai ni mmea unaopenda udongo wenye tindikali, wa kipimo cha pH cha kati ya 4.5 na 5.5 hivi, na hudhoofika palipo na chokaa nyingi. Mashamba ya Mufindi na ya Rungwe, yaliyopanuka kibiashara tangu kipindi cha kati ya vita kuu mbili za dunia, yalistawi kwa sababu udongo wake ulikuwa umekwisha kuoshwa chokaa yake na mvua za karne nyingi. Mwekezaji aliyetafuta mahali pa kupanda chai alikuwa, bila kukusudia, akichora ramani ya maji laini.

Shahidi wa pili ni mti. Mwaka 1949, mwaka ule ule wa majaribio ya Korogwe na Malya, Shirika la Maendeleo ya Makoloni la Uingereza lilianza shamba la miwati huko Kibena, Njombe, kwa ajili ya magome ya kutengenezea dawa ya ngozi. Baadaye misindano ya Sao Hill ilifunika sehemu kubwa ya vilima vya Mufindi. Miti hii yote huvumilia udongo maskini wenye tindikali, na majani yake yanapooza huongeza tindikali hiyo kidogo.

Chini ya yote hayo ipo miamba. Sehemu kubwa ya nyanda za Iringa, Mufindi na Njombe imekaa juu ya miamba ya kale sana ya jamii ya itale, ambayo huyeyuka polepole na kutoa kalsiamu haba. Maji yanayochuruzika humo hutoka meupe na masafi. Ni mazuri kwa kunywa na sabuni hutoa povu upesi. Sifa hizo zinazomfurahisha mama anayefua ndizo zinazomnyima samaki. Mbeya si sawa na Iringa kwa hili. Milima ya Rungwe ni ya volkano, na majivu yake yana madini mengi zaidi, ingawa mvua kubwa ya upande wa Tukuyu huyaosha. Ukishuka kwenye tambarare ya Usangu, au upande wa pili kwenye bonde la Rukwa, hali hubadilika kabisa: maji hutuama, jua huyakausha na madini hujikusanya. Ziwa Rukwa, lisilo na mto unaotoka, lina maji yenye ualikali mwingi, na lina perege wake wa asili. Mtaalamu aliyezungumzia “samaki wa Nyanda za Juu Kusini” kana kwamba maji yake ni mamoja alikuwa anazungumzia nchi isiyokuwapo.

Kazi ya madini ndani ya bwawa

Ni lazima hapa tuache kidogo historia na kueleza jambo lenyewe, kwa kuwa hoja yote inaegemea juu yake.

Samaki wa maji baridi huchukua sehemu kubwa ya kalsiamu yake moja kwa moja kutoka majini kupitia matamvua. Huihitaji kwa mifupa na magamba, na huihitaji pia kwa ajili ya matamvua yenyewe, kwani kalsiamu hukaza ngozi yake nyembamba ili chumvi za mwilini zisivuje. Maji yakiwa laini na yenye tindikali, samaki hutumia nguvu nyingi kurudisha chumvi anazopoteza. Nguvu hiyo ingeongeza uzito wake.

Jambo la pili ni kubwa zaidi kwa mfugaji maskini, asiyenunua chakula cha kiwandani. Bwawa lake hutegemea vijimea vidogo vinavyoyafanya maji kuwa ya kijani. Hivyo ndivyo perege hula, au huliwa na vijidudu anavyokula perege. Vijimea hivyo huhitaji fosforasi, na samadi hutiwa bwawani kwa sababu hiyo. Lakini tope la bwawa lenye tindikali lina aluminiamu na chuma vinavyoishika fosforasi na kuifunga. Mfugaji hutia samadi, tope huila, maji hubaki meupe. Miongozo ya ufugaji inasema kwamba maji ya bwawa yanapaswa kuwa na ualikali, yaani uwezo wa kuhimili tindikali, usiopungua miligramu 20 kwa lita ukipimwa kama kaboneti ya kalsiamu. Chini ya hapo mbolea haina faida kubwa. Aidha, kaboneti ndiyo ghala ambamo vijimea huchota hewa ya ukaa mchana, na ndiyo huzuia pH isipande na kushuka kwa ghafla kati ya alasiri na alfajiri.

Chokaa ya kilimo, yaani mawe ya chokaa yaliyosagwa, hutibu mambo haya kwa pamoja. Huongeza kalsiamu, hupandisha ualikali, hupunguza tindikali ya tope na kuifungua fosforasi. Kwa bwawa lenye maji laini, viwango vya kawaida ni tani 2 hadi 4 kwa hekta, hutandazwa juu ya tope kabla ya kujaza maji.

Maarifa ya bondeni juu ya mlima

Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali za kikoloni za Afrika Mashariki zilishughulishwa na upungufu wa protini katika chakula cha wananchi, na bwawa la perege lilionekana kuwa dawa ya bei rahisi. Uganda ilianzisha kituo cha Kajjansi mwaka 1947. Kenya ilifungua Sagana mwaka 1948. Tanganyika ilifuata na Korogwe na Malya.

Tuangalie mahali palipochaguliwa. Korogwe iko kando ya mto Pangani, mita mia tatu hivi juu ya usawa wa bahari, katika nchi ya joto. Malya iko Usukumani, nchi ya udongo mweusi wa mbuga, ambao aghalabu una vidonge vya chokaa ndani yake. Palikuwa mahali pazuri pa kuanzia. Lakini maarifa yaliyopatikana pale yalikuwa maarifa ya maji ya vuguvugu yenye madini, na ushauri uliozaliwa humo ulipopelekwa Njombe, katika kimo cha mita 1,900 na zaidi, haukubeba hali zilizoufanya uwe kweli. Chimba, jaza maji, tia samadi, weka vifaranga: kila sehemu ya agizo hilo ilichukulia kwamba madini yamo majini tayari. Katika Kiswahili tunaita maji yasiyo na chumvi “maji baridi”, na Njombe maneno hayo ni ya kweli kwa maana zote mbili.

Baridi yenyewe ndiyo pingamizi zito zaidi dhidi ya hoja ya makala hii. Perege hukua polepole sana maji yakishuka chini ya nyuzi 20, na miezi ya Juni na Julai katika vilima vya Mufindi hufikia chini ya hapo kwa urahisi. Je, si baridi tu iliyowadumaza samaki hao? Bila shaka baridi ilichangia, na ingechangia hata kama mabwawa yangejazwa chokaa. Lakini baridi haiondoleki, ilhali upungufu wa madini huondoleka. Na zaidi ya hayo, baridi haielezi kwa nini mabwawa ya mabonde ya chini, yenye joto la kutosha lakini yanayolishwa na vijito vya vilima hivyo hivyo, yahitaji chokaa kabla ya samadi kuwa na maana. Mashaka haya mawili yamefanya kazi pamoja, na usimamizi umelaumiwa kwa yote mawili.

Kuna pia kosa ambalo kweli ni la usimamizi, na haki inataka litajwe. Wachimbaji wengi wa mabwawa walifuata desturi ya vinyungu, zile bustani za mabondeni za Iringa na Njombe zinazolimwa kiangazi kwa maji ya kijito. Mifereji ya kinyungu huachiwa maji yapite. Bwawa la samaki likiachiwa maji yapite mchana na usiku huwa sehemu ya kijito: samadi huenda na maji, chokaa huenda na maji, na joto la jua halipati nafasi ya kutulia. Lakini hata desturi hii inaeleweka. Mtu aliyefundishwa kwamba maji safi ni maji yanayotembea hakukosa akili alipoogopa kuyafunga.

Samaki wa wageni

Perege hakuwa samaki wa kwanza kuletwa na serikali ya kikoloni katika milima hii. Kati ya vita kuu mbili, trauti walipandwa katika mito ya Kilimanjaro na ya Mbeya kwa ajili ya burudani ya walowezi na maofisa waliopenda kuvua kwa ndoana. Trauti hupenda maji ya baridi yaendayo kasi, na hula wadudu wengi waangukao kutoka kandokando ya mto. Hivyo aliweza kuishi mahali ambapo perege wa bwawani angenyong'onyea. Kuwapo kwake kuliwafanya watawala waamini kwamba mito ya milimani ni mito mizuri ya samaki. Ilikuwa mizuri kwa samaki mmoja, wa matumizi mamoja, ambaye hakuna aliyetarajia angewalisha watoto wa Makete.

La kushangaza ni kwamba wavuvi wa trauti wa Ulaya ndio waliokuwa na maarifa yaliyohitajika. Nchini Uingereza ilijulikana kwamba vijito vitokavyo kwenye miamba ya chokaa hunenepesha trauti kuliko vijito vya milima ya itale. Nchini Norwe, Knut Dahl aliandika mwaka 1927 juu ya vifaranga vya trauti vilivyokufa kwa maji ya tindikali, na katika miaka hiyo vituo vya kutotolesha vifaranga vya huko vilianza kupitisha maji juu ya mawe ya chokaa. Wafugaji wa kapu wa Ulaya ya kati nao walikuwa wakitandaza chokaa mabwawani kwa muda mrefu kabla ya hapo. Maarifa hayo, kwa hiyo, yalikuwapo mwaka 1949, wala hayakuwa siri.

Chokaa ilikaa wapi

Magharibi ya mji wa Mbeya, huko Songwe, chemchemi za maji ya moto zimejenga kwa maelfu ya miaka matabaka makubwa ya mawe ya chokaa. Wenyeji wameyachimba na kuyachoma kupata chokaa ya kupaka kuta. Kiwanda cha saruji cha Mbeya kilijengwa hapo na kuanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Karibu na hapo kipo kilima cha Panda, mwamba adimu wa volkano uliojaa kaboneti. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, hupita Songwe, hupita Mbeya, hupanda hadi Makambako, katikati ya nchi ya mabwawa. Ni vigumu kufikiria mpangilio mzuri zaidi wa mali ghafi na usafiri.

Chokaa ilikwenda kwenye kuta na kwenye saruji. Sehemu ya maelezo ni bei na barabara za vijijini, lakini sehemu kubwa, kwa maoni yangu, ni ya kiofisi. Kwa miongo mingi idara ya uvuvi ilikuwa chini ya wizara ya maliasili. Ilihamishiwa kwenye wizara moja na mifugo mwaka 2008 tu. Wataalamu wa udongo walikuwa kilimo, na kwa Nyanda za Juu Kusini makao yao yalikuwa Uyole, nje kidogo ya mji wa Mbeya. Tindikali ya udongo ilikuwa jambo la mahindi na maharage. Bwana samaki alihesabu mabwawa na vifaranga, akapeleka taarifa upande mmoja. Mtaalamu wa udongo alipima pH, akapeleka taarifa upande mwingine. Tope la bwawa ni udongo uliofunikwa na maji, lakini katika majalada lilikuwa halina mwenyewe. Mwaka 1974 Claude Boyd wa Chuo Kikuu cha Auburn, Alabama, alichapisha njia ya kukadiria mahitaji ya chokaa ya bwawa kwa kupima tope lake kama anavyopima mtu wa shamba. Auburn iliweza kufanya hivyo kwa kuwa kilimo na samaki vilikuwa chuo kimoja.

Pumba na pakiti

Mfugaji wa leo wa Iringa au Mbeya si yule wa 1967. Anafuga sato au kambale, anajua neno “vifaranga vya dume”, na katika maduka ya pembejeo hukutana na madini ya unga yaliyofungwa kwenye pakiti. Hapa historia inaweza kujirudia kwa sura mpya, maana madini hayana njia moja ya kumfikia samaki. Kalsiamu huifuata zaidi majini. Fosforasi ni kinyume: majini ni haba mno, hivyo lazima itoke kwenye chakula. Chakula kinachopatikana kwa wingi katika nchi ya mahindi ni pumba, na fosforasi ya pumba imefungwa katika umbo ambalo tumbo la samaki haliwezi kulifungua. Pumba zikichanganywa na dagaa waliosagwa, samaki hupata fosforasi anayoweza kuitumia. Pakiti ya madini inayomwagwa majini, katika bwawa la ualikali mdogo, haifanyi kazi ya chokaa wala ya dagaa.

Hesabu ya chokaa yenyewe ni fupi. Bwawa la kawaida la Tanzania Bara, kwa makadirio ya FAO, lina mita za mraba 150 hivi. Kwa kiwango cha tani 2 kwa hekta linahitaji kilo 30 za chokaa ya kilimo. Kwa tani 4, kilo 60. Huo ni mzigo wa baiskeli moja. Chokaa iliyochomwa ya kupaka nyumba inafaa pia, lakini kwa kipimo kidogo zaidi na katika bwawa lisilo na samaki, kwani hupandisha pH ghafla na kuua. Majivu ya jikoni nayo yana kalsiamu na kaboneti. Nguvu yake ni pungufu na hubadilika kwa aina ya kuni, ila hayanunuliwi.

Kinachotangulia vyote ni kipimo cha maji. Kwa mtafiti atakayefuatilia suala hili, chanzo chenye matumaini zaidi si majalada ya uvuvi peke yake, yenye idadi ya mabwawa, bali kumbukumbu za mashamba ya chai na miwati na za miradi ya maji ya kunywa vijijini, ambako pH na ugumu wa maji vilipimwa kwa sababu nyingine kabisa. Vipimo hivyo vikiwekwa kando ya orodha ya mabwawa yaliyoachwa, kijito kwa kijito, itawezekana kutenganisha mabwawa yaliyoshindwa kwa uzembe na yale ambayo maji yake yalikosa chokaa tangu siku ya kwanza.